Fundi wa Kalambo

Ukitaka kuandika riwaya ya jamii ya kale kabisa, utaanzia wapi? Wengi wetu tungeanza na pango, moto na watu wa kuhamahama. Kama uko Chanji, hapa Sumbawanga, anzia jirani tu: maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia.

Mwaka 2019 watafiti walichimba upande wa Zambia, juu kidogo ya maporomoko, wakakuta magogo mawili yaliyopandana, yameshikana kwenye mkato uliochongwa makusudi. Matokeo yalitangazwa 2023: yana umri wa miaka kama 476,000! Wamejuaje? Walipima chembe za mchanga uliyoyafunika ziliona jua mara ya mwisho lini. Sasa piga hesabu: binadamu wa aina yetu ana miaka kama 300,000 tu. Fundi huyo alitutangulia.

Mbona basi tunasema “Zama za Mawe”? Kwa sababu mti huoza, jiwe hubaki. Kalambo udongo uliojaa maji ndio uliozuia magogo yasioze. Kwa hiyo mhusika wako mpe jiwe la kuchongea, sawa, lakini mpe pia mwenzake wa kumshikia gogo.