Lenzi ndogo za zamani: raha yake, na adui yake hapa Pwani

Msimu wa maembe uliopita nilikwenda Wote, makao makuu ya kaunti ya Makueni, kwa shughuli za kifamilia. Kutoka Mombasa nilishika barabara kuu ya Nairobi hadi Makindu, kisha nikapitia Kathonzweni. Kamera niliyobeba ilikuwa na lenzi ndogo kuliko kikombe cha kahawa: Elmar ya milimita 50, aliyoniachia marehemu ami yangu, Allah amrehemu. Lenzi hiyo ilikuwa karibu kufa kabatini mwetu. Kama nawe una kamera ya mzee imefungiwa nyumbani, makala haya ni yako.

Kwa nini ni ndogo

Kamera za aina hii mafundi huziita renjifainda. Ukichungulia kwenye kidirisha chake unaona taswira mbili za kitu kimoja. Unazungusha pete ya lenzi mpaka taswira hizo ziwe moja, hapo umelenga sawasawa.

Kamera za filamu zilizokuja kuenea baadaye zina kioo ndani kinachoinuka kila unapopiga picha, na lenzi hulazimika kukaa mbali ili kukipisha. Renjifainda haina kioo hicho. Lenzi hukaa karibu na filamu, kwa hivyo huweza kutengenezwa fupi na nyepesi. Elmar hata hurudi ndani ya kamera usipoitumia. Ukitaka kupiga picha unaivuta na kuizungusha ijifunge.

Leica ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1925. Lenzi zake za mwanzo za kubadilisha zilifungwa kama parafujo, upana wa milimita 39. Canon ya Japani ilifuata kipimo hicho, na Wasovieti pia kwa kamera zao za FED na Zorki. Mwaka 1954 Leica ilileta M3 yenye ufungaji mpya, lakini lenzi za parafujo huingia hapo kwa pete nyembamba ya milimita 1. Kwa adapta, hukaa pia kwenye kamera nyingi za dijitali zisizo na kioo cha ndani. Tahadhari: lenzi ya kurudi ndani usiisukume kwenye kamera hizo, isije ikagonga vilivyomo.

Raha ya kuitumia

Jua la Wote ni kali na hewa yake kavu. Ukiwa na lenzi ya milimita 35, weka tundu la mwanga kwenye 8 na umbali kwenye mita 3. Kila kilicho kati ya mita 2 na 7 hivi kitatoka vizuri bila kulenga upya. Lenzi kongwe nyingi hazikupakwa dawa ya kuzuia mng'ao, kwa hivyo jua liwe mgongoni mwako, au uvishe lenzi kofia yake.

Sokoni nilimwomba ruhusa mama mmoja muuza maembe. Akaitazama kamera, akacheka. "Mwanangu, hiyo ni ya kweli au ya watoto?" Nikamjibu, "Ni ya kweli mama, ni ya marehemu ami yangu." "Basi piga, na mimi nionekane." Mbele ya lenzi kubwa nyeusi watu wengi hujikaza, mama huyu aliendelea kupanga maembe yake.

Adui ni kuvu

Ami alipofariki tuliifungia kamera ndani ya mkoba wake wa ngozi, kabatini, Mji wa Kale. Tulidhani tunaitunza. Miaka kadhaa baadaye nilikuta nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo. Hiyo ni kuvu, au fangasi. Hupenda unyevu, giza na hewa iliyotulia, na mkoba wa ngozi hushika unyevu. Ikikaa sana hula uso wa kioo, na alama hizo hazitoki tena. Fundi aliisafisha yetu, ila kovu dogo limebaki ukingoni.

Kabla ya kununua lenzi kuukuu, fungua tundu lote, mulika tochi upande mmoja, tazama upande wa pili. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi na weupe kama moshi, achana nayo. Zungusha pete zote: zisiwe nzito wala zisilegee.

Nyumbani, itoe kwenye mkoba wa ngozi. Iweke ndani ya kopo lisilopitisha hewa, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe vikishashiba unyevu.

Zaidi ya yote, itumie. Lenzi inayotoka nje kila wiki hupata hewa na mwanga, na mwenyewe huona dalili mapema. Sisi tulimuenzi ami kwa kuifungia, kumbe tulikuwa tukiiozesha amana yake. Leo fungua kabati lako utazame.