Tangazo lililofichwa: namna ya kulitambua katika mazungumzo ya wafanyabiashara mtandaoni

Tangazo lililofichwa ni sifa inayotolewa na mtu aliyelipwa, au mwenye maslahi katika biashara inayosifiwa, huku akijifanya mteja wa kawaida. Wakala anayesema wazi, "Ofisi hii ni yangu, karibuni," hana kosa. Anatangaza kazi yake na bei yake inaweza kulinganishwa na ya wengine. Tatizo ni mpiga debe asiyejitambulisha. Kwa msafirishaji wa Jinja au Mbale hasara yake ni ya fedha taslimu: lori likilala Malaba kwa sababu ya hati mbovu, anayelipa ni mwenye mzigo, si aliyesifu.

Dalili ya kwanza ni mpangilio. Mgeni anauliza, "Jamani, nani anamjua wakala mzuri wa forodha?" Dakika hiyohiyo mgeni mwingine anajibu kwa jina kamili la kampuni na namba ya simu. Maneno hayohayo yakionekana kwa watu wa Jinja asubuhi na kwa watu wa Mbale jioni, yameandikwa na mkono mmoja.

Kipimo kizuri zaidi ni mambo madogo ya kazi. Aliyesafirisha kweli hutaja mzigo, mpaka na siku, tena hakosi la kulalamikia. Akidai kwamba juzi alikaguliwa upande wa Kenya, kisha akavuka na kuanza upya Uganda, mtilie shaka. Malaba na Busia ni vituo vya pamoja vya mpakani (cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018), na lori linaloingia Uganda hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Uganda.

Wakala wa forodha lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA. Omba jina la kampuni kama lilivyo kwenye leseni, ulithibitishe URA kabla ya kutuma hati au fedha.

Mgumu kuliko wote ni yule anayeamini anachokisema. Kampuni ya Dunamiscoins, iliyoahidi faida kubwa ya haraka, ilipofunga ofisi zake ghafla nchini Uganda Desemba 2019, miongoni mwa waliopoteza fedha walikuwamo watu walioingizwa na jamaa na marafiki zao wenyewe. Kwa msifiaji wa namna hii, kuuliza kama anasema kweli hakusaidii. Muulize atapata nini wewe ukijiunga.