Kilwa Kisiwani kwa Miguu

Vijana wa mjini tukitajiwa historia tunakumbuka mtihani: mwaka fulani, mfalme fulani, basi. Lakini wenzangu wenye kalamu, ipo historia ya kusomwa kwa miguu. Mimi niliisoma Kilwa Kisiwani.

Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, wa kwanza kukupokea ni Gereza, ngome iliyo ukingoni mwa maji. Wareno waliuteka mji mwaka 1505 wakajenga ngome yao. Hii tunayoiona ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye. Hata neno lenyewe lina safari yake. Wataalamu wa lugha wanasema limetokana na igreja, yaani kanisa kwa Kireno. Kumbe kanisa likawa ngome, ngome ikawa jela!

Kutoka hapo si mbali kufika Msikiti Mkuu. Nguzo na kuba za matumbawe na chokaa, na sehemu yake kongwe ina zaidi ya miaka 800. Jirani kuna nyumba za wanakijiji, kuku na watoto. Magofu haya hayako porini bwana, yako uani kwa watu.

Halafu shika njia ya mashariki mpaka Husuni Kubwa, juu ya jabali. Jumba hili alilijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman karne ya 14: vyumba zaidi ya 100, na bwawa la pembe nane. Fedha ilitoka kwenye biashara, hasa dhahabu ya Sofala. Ibn Battuta alimkuta sultani huyo mwaka 1331, akamsifu kwa ukarimu.

Sasa neno langu ni hili. Kilwa ya darasani tunaisikia sana kwa vinywa vya wageni: Ibn Battuta, Wareno. Lakini hata wenyeji waliandika! Karne ya 16 mtu wa Kilwa aliandika kwa Kiarabu tarehe ya masultani wa mji wake. Nakala yake iko wapi? London.

UNESCO iliyatia magofu haya katika urithi wa dunia mwaka 1981, yakaingia orodha ya hatari mwaka 2004, yakatoka mwaka 2014 baada ya kukarabatiwa. Mawe yana mafundi wake. Je, masimulizi ya wazee wa kisiwani nani atayakarabati? Wewe unayetunga mapenzi ya mjini kila toleo, chukua daftari, vuka maji, piga hodi, uulize.