Mashoto

Mwaka 1984 nilipangiwa kufundisha katika shule moja ya msingi upande wa Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Shule yenyewe sitaitaja, maana kosa ninalolisimulia lilikuwa langu. Katika darasa la kwanza alikuwamo mtoto wa Arash aliyeshika chaki kwa mkono wa kushoto. Kila alipoandika, kiganja chake kilizifuta herufi kabla sijazisoma. Nilimkanya mara mbili. Siku ya tatu nilimfunga mkono ule kwa kipande cha kanga, nikamwambia atumie mwingine. Wenzake wakamwita Mashoto, nami bila kufikiri nikawa namwita hivyo hivyo wakati wa kuita majina asubuhi.

Sikuwa na chuki naye. Mimi ni mtu wa pwani, na nyumbani kwetu bibi alitufundisha kwamba mkono wa kushoto kazi yake ni ya chooni. Lugha yenyewe imekata shauri hilo zamani. Mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula. Wazee waliuita pia mkono wa kuume, na ule mwingine wakauita mkono wa kike. Hata waliotafsiri Biblia walimketisha Mwana mkono wa kuume wa Baba. Mwanamke alikuwa amekosa nini, hakuna aliyeuliza. Naye mashoto, akikatazwa kulia kwa mkono wake, hubakiwa na kulia kwa machozi.

Baada ya wiki moja baba wa mtoto alikuja shuleni. Hakugomba. Aliketi chini ya mti, fimbo yake mapajani.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi ni wa mkono wa kushoto."

Nikamtazama. Fimbo ameishika kwa mkono wa kulia.

"Mzee, mbona sikuelewi?"

Akanieleza, nami nikajiona mwanafunzi. Kwa Wamaasai, rika moja la wanaume lina mikono miwili. Hutahiriwa kwanza kundi la mkono wa kulia, *tatene*, kwa miaka kadhaa. Kisha hufungwa, likafunguliwa kundi la mkono wa kushoto, *kedianye*. Wa kulia hutangulia na kujivunia kutangulia, hilo hakunificha. Lakini baadaye, katika sherehe ya *olng'esherr*, makundi yote mawili huunganishwa chini ya jina moja. Yeye alikuwa wa rika la Ilnyangusi, kundi la kushoto, na jina la Ilnyangusi lilikuwa lake sawasawa na la waliomtangulia. Hata bomani, mke wa kwanza hujenga upande wa kulia wa lango, wa pili upande wa kushoto. "Sasa wewe," akauliza, "boma langu utalifunga upande mmoja?"

Kanga niliitupa siku ile ile. Jina la Mashoto, hata hivyo, lilikuwa limeshika, na watoto hawakuliacha. Tangu hapo nikawa mwepesi wa kutazama kinachotokea neno la kila siku linapopandishwa kuwa jina.

Chukua neno *hatari*. Ni neno la kumzuia mtoto aliyesogelea moto. Mwishoni mwa mwaka 1960 Howard Hawks alikuja Tanganyika na John Wayne kupiga filamu ya watu wanaokamata wanyama hai kwa ajili ya mabustani ya Ulaya na Marekani. Walifanya kazi pande za Momella, Manyara na Ngorongoro, na filamu ikatoka mwaka 1962 ikiitwa "Hatari!", kwa alama ya mshangao. Neno letu likabandikwa kwenye kuta za miji ambayo hakuna mtu aliyejua kuliita kwa mtoto. Huko halikumzuia mtu. Liliwavuta watu kununua tiketi. *Safari* nayo ilikwisha kutangulia: kwetu ukienda kumwona shangazi ni safari, lakini kwao ni lazima awepo simba. *Hakuna matata* ndiyo imefika mbali kuliko zote. Kampuni ya Disney iliimba maneno hayo katika filamu yake ya mwaka 1994, ikayaandikisha kama alama yake ya biashara, na mwaka 2018 watu wengi walitia saini kulalamika. Nadhani walikuwa na haki, ingawa sioni jinsi ya kumzuia mama wa Kiswahili asiyatamke.

Na kushoto je? Mwaka 1958 Marekani walitoa filamu "The Left Handed Gun", Paul Newman akiwa Billy the Kid, mwenye kufyatua kwa mkono wa kushoto. Imani hiyo ilitokana na picha yake mashuhuri, iliyopigwa juu ya bati. Picha za aina ile hutoka zimegeuka kama kwenye kioo. Bunduki anayoonekana nayo ni Winchester, ambayo tundu lake la kutilia risasi liko upande wa kulia, na pichani liko kushoto. Mtu wa watu alitumia mkono wa kulia! Kijana mmoja alipewa ushoto asiokuwa nao, ukawa sifa. Wangu nilimfungia ule aliozaliwa nao.

Mwenye kudhani kwamba heshima ya kushoto ni ya sinema tu, atazame kwa jirani zetu Wameru wa Kenya. Bernardo Bernardi, padri aliyeandika habari zao mwaka 1959, alieleza juu ya Mugwe, kiongozi wao wa dini, ambaye mkono wake wa kushoto ndio uliokuwa mtakatifu, akiuficha machoni pa watu na kuutumia kubariki. Mwaka uliofuata Rodney Needham aliandika makala juu ya jambo hilo, akaipa jina la mkono wenyewe.

Miaka ya tisini nilipita Karatu, nikasimama mbele ya kibanda cha video. Kijana alikuwa akiandika ubaoni majina ya filamu za usiku ule. Alikuwa ameinama upande, mkono wa kushoto ukiwa chini ya mstari, herufi zikibaki safi nyuma yake bila kuguswa. Nilisubiri mpaka akamaliza. Akageuka, akanitambua kabla yangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Akaipangusa chaki kwenye suruali, akanipa mkono wa kulia.