Fleetwood Mac ya 1975: Bendi Kongwe, Safu Mpya

Albamu iitwayo Fleetwood Mac, iliyotoka tarehe 11 Julai 1975 chini ya lebo ya Reprise, ilikuwa ya kumi kurekodiwa na bendi hiyo studioni, na ya pili kubeba jina la bendi yenyewe. Ya kwanza ilitoka mwaka 1968. Santuri hizo mbili ni tofauti sana: moja ni ya vijana wa London waliopiga blues kwa kufuata wakongwe wa Marekani, nyingine ni ya pop rock iliyopikwa California. Katika watano waliorekodi ya pili, waliokuwemo katika ile ya kwanza ni wawili tu, mpiga drams Mick Fleetwood na mpiga besi John McVie, ambao majina yao ndiyo yaliyounganishwa kuiita bendi.

Mwanzilishi alikuwa mpiga gitaa Peter Green, aliyeianzisha London mwaka 1967 baada ya kutoka kwenye kundi la blues la John Mayall. Mwanzoni mwa 1969 kibao chake Albatross, kisicho na hata neno moja la kuimbwa, kilishika nafasi ya kwanza Uingereza. Kisha bendi ikaanza kuvuja wapiga magitaa. Green aliondoka mwaka 1970, akiwa ameelemewa na umaarufu na fedha zake. Februari 1971, wakiwa ziarani Los Angeles, Jeremy Spencer aliaga kwamba anakwenda duka la vitabu na hakurudi. Baadaye alikutwa amejiunga na kundi la kidini. Mwaka 1972 Danny Kirwan alivunja gitaa lake nyuma ya jukwaa, akakataa kupanda kupiga, na akafukuzwa. Bob Weston, aliyekuja baada yake, naye alifukuzwa mwaka 1973 kwa uhusiano na mke wa Fleetwood, na ziara ya Marekani ikakatizwa.

Hapo ndipo jina lenyewe lilipogombaniwa. Meneja wao, Clifford Davis, alidai kwamba Fleetwood Mac ni mali yake, na mwanzoni mwa 1974 akapeleka Marekani kikosi kingine kikapige kwa jina hilo. Mashabiki waliolipa viingilio walikuta sura ngeni jukwaani. Mgogoro ulifika kwa mawakili, ukala sehemu kubwa ya mwaka huo. Kwa ushauri wa Bob Welch, Mmarekani aliyekuwa akipiga gitaa na kuimba tangu 1971, bendi ilihamia Los Angeles, na Fleetwood akabeba kazi ya umeneja mwenyewe. Albamu yao ya 1974, Heroes Are Hard to Find, ilifika nafasi ya 34 Marekani. Mwishoni mwa mwaka Welch naye, akiwa amechoka, aliondoka. Wakabaki Fleetwood, McVie, na Christine McVie, mke wa John, mpiga kinanda na mwimbaji aliyetoka kundi la Chicken Shack.

Wokovu ulipatikana bila kutafutwa. Fleetwood alikwenda Sound City, studio iliyoko Van Nuys, kuangalia mahali pa kurekodia. Ili mgeni asikie jinsi chumba kinavyotoa sauti, prodyuza Keith Olsen alimpigia Frozen Love, wimbo wa zaidi ya dakika saba uliorekodiwa hapo hapo. Ulitoka katika albamu ya 1973 ya Lindsey Buckingham na Stevie Nicks, wapenzi waliotoka eneo la San Francisco. Albamu hiyo haikuuzika, kampuni ikawaacha, na Nicks alikuwa akijikimu kwa uhudumu wa mgahawani. Welch alipoondoka, Fleetwood alikumbuka gitaa lile na kumwita Buckingham. Jibu likawa kwamba hatakuja bila Nicks. Fleetwood alimwachia Christine uamuzi, kwa kuwa ndiye mwanamke pekee katika bendi na ndiye angeumia kama wasingeelewana. Walikutana kwenye mgahawa wa Kimeksiko, wakapatana.

Kurekodi kulianza mapema 1975, huko huko Sound City. Wageni hawakuja mikono mitupu, na hii ndiyo siri ya kasi ya kazi ile. Nicks alikuwa tayari ametunga Rhiannon na Landslide. Wimbo Crystal ulichukuliwa kutoka albamu yao ya 1973 na kurekodiwa upya. Christine naye alileta Over My Head na Say You Love Me, nyimbo laini za mapenzi zilizokaa vizuri kando ya zile za wageni. Bendi iliyokuwa imesimama juu ya wapiga solo sasa ilikuwa na watunzi watatu wanaoimba, kila mmoja kwa sauti yake, na wanaoitikiana.

Buckingham hupiga kwa vidole vitupu, bila kidude cha kupigia nyuzi. Kidole gumba hushika nyuzi nzito huku vingine vikidonoa nyembamba, hivi kwamba gitaa moja husikika kama mawili; Landslide imesimama hasa juu ya gitaa la namna hiyo na sauti ya Nicks. Hata hivyo kilichoifanya albamu isikike kuwa ya bendi, wala si ya wageni wawili na wasindikizaji wao, ni Fleetwood na McVie. McVie hupiga noti chache na kuacha nafasi. Fleetwood hupiga drams kwa uzito, nyuma kidogo ya mdundo. World Turning, wa Buckingham na Christine, umechipuka kutoka wimbo wa Green wa 1968. Hapo historia ya bendi inasikika waziwazi.

Mafanikio yalikuja polepole, kwa miguu. Bendi iliingia barabarani Mei 1975, kabla albamu haijatoka, ikapiga mji hadi mji Marekani. Over My Head ilifika nafasi ya 20. Rhiannon, ambayo jukwaani Nicks aliirefusha na kuiimba kwa nguvu isiyosikika kwenye santuri, ilifika ya 11, na Say You Love Me vilevile. Septemba 1976, zaidi ya mwaka mmoja baada ya kutoka, albamu ilishika nafasi ya kwanza Marekani.

Wakati huo watano hao walikuwa tayari wakirekodi albamu iliyofuata, Rumours ya 1977, huku ndoa ya akina McVie na mapenzi ya Buckingham na Nicks yakiwa yamevunjika. Safu hiyo haikuvunjika. Iliendelea kurekodi pamoja hadi 1987, Buckingham alipojitoa.