Makuli Nao Wana Historia

Mtoto wa shule atakutajia mwaka wa Mkutano wa Berlin bila kusita. Ukimwuliza nani waliogoma Mombasa mwaka 1947, huenda akakutumbulia macho.

Tarehe 13 Januari mwaka huo makuli wa bandari ya Kilindini waliacha kazi, pamoja na wafanyakazi wa reli, wa mahoteli, hata wapishi na maboi wa majumbani. Watu wapatao 15,000 waligoma kwa siku 12, wakikutanika mahali palipoitwa Kiwanja cha Maskini. Katika mgomo huo kilizaliwa chama chao, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Nyongeza ya mishahara ilipatikana. Lakini Agosti serikali ilimkamata Kibachia na kumhamishia Baringo. Septemba makuli wa Dar es Salaam nao wakagoma, na mgomo ukafuata njia ya reli hadi bara.

Mimi naona jambo hili si dogo. Mtoto akifundishwa kwamba uhuru waliuleta viongozi wachache mezani, ataingia kazini akidhani mshahara na likizo ni hisani ya tajiri. Na hisani, bwana, huondolewa wakati wowote.

Walimu wetu, msingoje kitabu kipya. Watumeni wanafunzi wakawasikilize wazee waliostaafu bandarini, relini na mashambani, kabla hawajatutoka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waliokilalia ndio watufundishe.