Kipande: hifadhidata iliyovaliwa shingoni

Wasomaji wangu, leo naweka kando mambo ya seva na programu. Nataka tuongee juu ya hifadhidata moja ya zamani sana. Haikuwa na tarakilishi hata moja, lakini ndiyo iliyoamua nani atembee Nairobi na nani afukuzwe.

Wengi wetu bado tunaita kitambulisho "kipande", na jina hilo lina historia chungu. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka wa 1915. Vita vikaichelewesha, ikaja kutekelezwa 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, siku ya kuajiriwa na siku ya kuachishwa. Karatasi iliwekwa ndani ya kikasha cha chuma na kuning'inizwa shingoni kwa kamba. Kufikia 1931 vipande zaidi ya milioni moja vilikuwa vimetolewa.

Mimi nikiitazama karatasi hiyo naona jedwali. Alama za vidole ndizo ufunguo: jina unaweza kubadilisha, kidole huwezi. Ujanja wenyewe uko kwenye sehemu ya mwisho, siku ya kuachishwa. Aliyeijaza ni mwajiri peke yake. Asipotia saini, wewe bado ni wake, na kupata kazi kwingine ni taabu. Ukitoroka, rekodi zilizowekwa Nairobi zitasaidia kukusaka. Yaani mtu alitembea na rekodi yake kifuani mchana kutwa, na hakuruhusiwa kuandika ndani yake hata nukta.

Walowezi waliutaka mfumo huu ili wafanyakazi wasiwatoroke mashambani. Lakini mjini ulifanya kazi ya pili. Mwafrika alihesabiwa mgeni Nairobi: amekuja kuuza nguvu zake, halafu arudi rizavu. Kazi ikiisha, haki ya kuwepo nayo imekwisha. Kwa hiyo askari hakuhitaji kukukuta ukiiba. Kipande chako kikionyesha huna mwajiri, basi wewe ni mzururaji, na mzururaji huondolewa.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku, ambaye alikuwa opereta wa simu katika Hazina (ndiyo, mwenzetu wa teknolojia!), alipinga kipande, kodi na kazi za kulazimishwa. Alikamatwa Machi 1922. Umati ulipokusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, risasi zikafyatuliwa. Serikali ilihesabu maiti 21. Kipande kikabaki.

Wakati huo huo mji ulikuwa "ukisafishwa". Waafrika walikuwa wamejijengea vijiji vyao Nairobi: Maskini, Kaburini, Mombasa, Pangani, na Kileleshwa. Kileleshwa hiyo hiyo ya maghorofa ya leo! Pumwani ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, vijiji vilianza kubomolewa kimoja kimoja, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Pangani ilishikilia hadi mwishoni mwa miaka ya 1930. Ilikuwa na Waislamu wengi na wanawake waliojenga nyumba zao wenyewe na kupangisha vyumba, kwa hiyo haikuwa makao ya watu wa kupita njia. Ilipovunjwa, wenyeji walipelekwa Shauri Moyo kwenye nyumba za baraza la mji, na aliyekuwa mwenye nyumba akawa mpangaji. Pangani ikajengwa upya kwa ajili ya Wahindi. Siku hizi tunasema mtaa "umepanda hadhi". Mimi huuliza ni nani aliyeshuka ili upande.

Mwaka wa 1947 sheria mpya ilitaka watu wa rangi zote waandikishwe. Hapo ndipo walowezi wakapiga kelele kwamba kuchukuliwa alama za vidole ni kufanywa kama wahalifu. Wenzao walikuwa wamefanywa hivyo miaka karibu 30.

Halafu ikaja Aprili 24, 1954, Operesheni Anvil. Askari wapatao 25,000 waliuzingira mji na kuupekua mtaa kwa mtaa, wakiwatafuta Wakikuyu, Waembu na Wameru. Karatasi peke yake haikutosha. Washukiwa walipitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, na watu wakamwita gakunia. Akitikisa kichwa, umekwenda. Maelfu kwa maelfu walipelekwa Lang'ata, Manyani na MacKinnon Road. Huo ndio ulikuwa utambuzi wa nyuso wa kwanza jijini, nao haukuwa na rufaa.

Turuke hadi Aprili 2014, Operesheni Usalama Watch. Safari hii ni Eastleigh, na wanaotafutwa ni Wasomali. Maelfu walikamatwa, wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani wakichunguzwa karatasi zao, na waliokuwa na kitambulisho halali pia walijikuta humo. Novemba mwaka huo huo serikali ilitia saini mkataba na Safaricom wa mtandao wa mawasiliano wa polisi, pamoja na kamera 1,800 za Nairobi na Mombasa, zenye uwezo wa kutambua nyuso na namba za magari.

Kamera yenyewe si gakunia, najua. Mashine haina chuki na mtu. Lakini kila mfumo una jedwali mahali fulani, na mimi kabla ya kuusifu ningependa kujua ni nani anayejaza ile sehemu ya mwisho.